Jinsi ya Kuchemsha Uvimbe Bila Kumchemsha Mwenye Uvimbe

Tafuta antena nane, maji yaliyoondolewa madini, kompyuta, taulo kavu za kutosha, na mtu asiyeogopa kulalamika. Huyo wa mwisho ndiye kifaa bora kuliko vyote, na hapa Ndandalo, Kyela, wapo tele.

Mwongozo huu nimemwandikia fundi yeyote wa Kyela aliyesikia kwamba joto husaidia kutibu saratani, na tangu siku hiyo anaitazama oveni ya mikrowevu kwa jicho jipya. Fundi wangu, iache jikoni. Mawimbi yake ni ya megahezi 2450. Yakiingia kwenye nyama, urefu wa wimbi moja haufiki sentimita mbili, na nguvu huishia karibu na ngozi. Saratani ya mlango wa kizazi imejificha katikati ya nyonga. Oveni itaunguza tumbo, nayo saratani haitasikia hata vuguvugu.

Shuka chini kwenye masafa. Madaktari wa Amsterdam walichagua megahezi 70, na mashine iitwayo BSD-2000 hufanya kazi kati ya 75 na 120. Hapo wimbi ndani ya msuli lina urefu wa takribani sentimita 25 hadi 40, na linafika kilindini. Ila antena moja, hata ikiwa na masafa mazuri namna gani, hupasha zaidi sehemu iliyo karibu nayo. Ndiyo maana zinapangwa kwa mduara kuzunguka nyonga, kila moja ikitoa sehemu yake, na mifuko ya maji inajaza nafasi kati ya antena na mgonjwa ili mawimbi yaingie mwilini badala ya kugonga ngozi na kurudi.

Sasa kazi yenyewe. Nenda Matema ziwa likiwa limetulia, utazame mitumbwi miwili ikipishana. Pale mgongo wa wimbi la huu unapokutana na mgongo wa wimbi la ule, maji hupanda mara mbili. Pale mgongo unapokutana na bonde, maji hulala. Mwilini ni hivyo hivyo, na hesabu yake inashangaza: wimbi likipanda mara mbili, nguvu pale inapanda mara nne. Antena nne zenye nguvu sawa, mawimbi yao yakifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, huleta hapo nguvu mara 16 ya antena moja. Kwa kuwa nyama hula sehemu ya wimbi njiani, mwilini faida halisi huwa pungufu ya hiyo, lakini kanuni haibadiliki. Wala hizo wati za ziada hazikushuka kutoka mbinguni. Zimepunguzwa sehemu nyingine, na ndicho tunachokitaka.

Kwa hiyo usikimbilie kitufe cha kuongeza nguvu. Fundi asiyejua hukigusa hicho kwanza. Anayejua huanza na fezi, yaani muda ambao wimbi la kila antena linaanza kupanda. Icheleweshe antena ya kushoto kidogo na kitovu cha joto kitasogea upande wake. Zikichelewa ovyo, kitovu kitahamia kwenye kibofu au kwenye mfupa wa nyonga, na wati zikisomeka vilevile kabisa kwenye mashine.

Mafundi wa dishi, hapa ndipo penu. Kwa megahezi 70, wimbi ndani ya kebo ya kawaida lina urefu wa karibu mita 2.8. Ukikata kebo moja ikawa ndefu kuliko wenzake kwa mita moja, wimbi lake litachelewa zaidi ya theluthi ya mzunguko mzima. Kwenye televisheni hakuna atakayegundua. Kwenye nyonga ya mama wa watu, hiyo ndiyo tofauti kati ya tiba na jeraha. Pima kebo zako zote kwa urefu mmoja, kisha usiziamini hata hivyo: weka kipimo kwenye kila njia, kisome nguvu inayokwenda, nguvu inayorudi, na fezi.

Nguvu inayorudi inataka umakini wa pekee, kwa sababu antena hizi zinasikilizana. Ukigusa ya tatu, ya nne inahisi, na sehemu ya nguvu ya moja huingia kwa jirani yake. Mgonjwa akivuta pumzi ndefu au akigeuka kidogo, hesabu yote inayumba. Umeme wa gridi nao ukiyumba, amplifaya moja inaweza kushuka huku nyingine ikishikilia. Mashine nzuri husoma kila njia tena na tena na kuirekebisha peke yake. Ikiwa ya kwako inasoma jumla tu ya wati, huijui hali ya mgonjwa wako.

Halafu jasho. Kyela ni bondeni, joto lake ni la mvuke, na mtu hutoka jasho akiwa ameketi tu. Jasho ni maji ya chumvi, na tone moja lililokaa kwenye mkunjo wa ngozi hukusanya nishati hadi likaunguza. Wahudumu wa fiziotherapia wanaotumia mashine za diathemi za megahezi 27.12 wanalijua hili vizuri. Futa, kausha, weka taulo. Vua pete, hereni na cheni. Mwenye betri ya moyo haingii kabisa.

Lengo ni nyuzi 40 hadi 43 ndani ya uvimbe, kwa saa moja hivi au saa moja na nusu. Nyama yenye afya ikipashwa hufungua mishipa yake na damu hubeba joto kwenda zake. Mishipa ya uvimbe imejengwa ovyo, haiwezi kufanya hivyo, basi joto hubaki. Seli za saratani zilizopashwa hivyo hushindwa kujikarabati baada ya mionzi. Na mgonjwa akisema, "Mwanangu, hapa paja linawaka," usimwambie avumilie. Punguza antena ya upande huo, badili fezi, subiri, muulize tena. Kompyuta hukadiria joto kutokana na picha za mwili wake. Yeye analihisi.

Kama unadhani haya ni mengi mno kwa nyuzi chache, tazama yaliyopatikana. Uholanzi, kati ya 1990 na 1996, wagonjwa 358 wenye saratani za nyonga waligawanywa: wengine mionzi peke yake, wengine mionzi na joto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 27 kwa mionzi peke yake, na asilimia 51 walipoongezewa joto. Karibu zaidi nasi, katika hospitali ya Charlotte Maxeke jijini Johannesburg, zaidi ya wanawake 200, karibu nusu yao wakiishi na VVU, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Mashine yao ilitumia elektrodi na megahezi 13.56 badala ya mduara wa antena. Baada ya miezi sita, waliokuwa hai bila ugonjwa kwenye nyonga walikuwa karibu mara mbili kwa waliopata joto.

Soma tena hesabu hizo: joto halikufanya kazi peke yake popote. Lilisindikiza mionzi. Na kutoka Kyela hadi mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, ambazo mama mwenye maumivu anazisafiri ameketi kwenye basi. Hilo linaniuma kuliko ukosefu wa antena yoyote. Kabla ya kuota mduara wa antena nane Ndandalo, tudai mionzi iliyo karibu na nyumbani kwake.

Akija mtu sokoni na mkeka wa sumaku au kiti kinachotetemeka, akadai kinayeyusha uvimbe, muulize masafa yake, fezi zake zinadhibitiwa na nini, na nani anapima joto ndani ya uvimbe. Akikosa jibu la swali hata moja, usimpe mwili wala pesa. Na dada anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri mashine ya aina yoyote. Aende akapimwe mlango wa kizazi wiki hii.