Mlango Umepesti, Umekwenda Wapi?

Umechagua mlango, umekopi, umefungua ramani nyingine, umepesti. Skrini tupu. Unapesti tena, kimya. Unapesti mara ya saba ukikaza kidole kwenye Ctrl+V, na hapo hukumu ya ofisi inatolewa: kompyuta ina virusi, aitwe kijana wa IT. Kabla hajafika na flashi yake, toa mkono kwenye kibodi. AutoCAD haijakuibia mlango. Inayo milango saba, na tutaitafuta yote.

Andika Z, Enter, kisha E, Enter. Ramani yote itajikunja ionekane kwa pamoja, na pengine utaona nyumba yako imegeuka nukta kona moja na milango imelundikana kona nyingine. Baki na mmoja, futa sita. Ikiwa imelaliana mahali pamoja, amri ya OVERKILL inaondoa marudio. Usione uvivu kuifanya kazi hii, maana mkadiriaji gharama ataihesabu milango ileile, na mwenye nyumba atailipia mbao.

Sasa, kwa nini ilikwenda huko? Ukibonyeza Ctrl+C, programu huzungushia boksi lisiloonekana vitu vyote ulivyochagua, halafu hushika kona ya chini kushoto ya boksi hilo. Ndiyo mpini wa kubebea. Kama katika uchaguzi wako kuna kipande cha mstari kilichosahaulika mita mia mbili kutoka mlangoni, mpini uko kule kwenye kipande. Unabofya hapa, mlango unatua mtaa wa pili. Dawa yake ni Ctrl+Shift+C: utaulizwa ushike wapi, nawe utabofya bawaba ya mlango kwa osnap. Mchoraji anayeanza kazi afundishwe hili siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa chai inapochemshwa.

Kuna siku mlango unaonekana vizuri sana, kwa sababu una upana wa mita karibu 23. Mlango wa milimita 900 umekuwa 22,860. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza utapata 25.4, yaani milimita zilizomo katika inchi moja. Maana yake faili ulilokopi lilianzishwa kwa kiolezo cha inchi, mtu akachora humo kwa milimita bila kujali, na programu imebadilisha vipimo kama ilivyoagizwa. Usikimbilie kupunguza kwa SCALE, kwani kesho utakopi dirisha na litakuja na unene uleule. Rudi kwenye faili la asili, andika INSUNITS, weka 4 kwa milimita. Mita ni 6, inchi ni 1, na 0 ni faili lisilotaja kipimo chochote. Kubadilisha namba hii hakugusi michoro iliyokwisha kuwapo. Kunarekebisha tu maelezo yanayosafiri nayo.

Yapo makosa yasiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo yanayoniuma. Umekopi bloku inayoitwa D1, mlango wa mabawa mawili wa ukumbi. Faili unalolipelekea nalo lina D1 yake, mlango mwembamba wa choo. Ukipesti, mwenyeji anashinda: ukumbini utakaa mlango wa choo, umenyooka na umependeza. Programu haikai kimya. Bonyeza F2 usome: imeandika kwamba maelezo ya pili ya D1 yamepuuzwa. Tatizo letu ni kwamba mistari ile ya chini hatuisomi. Leya nazo ni hivyohivyo, rangi na unene wa mistari hufuata faili la mwenyeji. Badilisha jina kwa RENAME kabla ya kukopi, na ofisi iache kuita kila kitu D1.

Tabia hii si ulemavu wa programu. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoonyesha Sketchpad pale MIT, tayari mchoro mmoja mama uliweza kuzaa nakala nyingi, na ukibadilisha mama, nakala zote zinabadilika. Huo ndio uzuri wa bloku hadi leo: unarekebisha mlango mmoja, ghorofa nzima inarekebika. Lakini jina moja haliwezi kuwa na mama wawili ndani ya faili moja.

Faili likiwa zito hadi Ctrl+C inagoma, safisha: AUDIT, halafu PURGE, halafu -PURGE yenye kistari mbele, uchague R kwa Regapps ambazo hujilimbikiza kwa maelfu. Ikigoma bado, achana na ubao wa kunakilia. Toa kipande kwa WBLOCK, kiingize kwa INSERT.

Nimeliacha la kiwanja hadi hapa makusudi. Mpima ardhi wa Dar es Salaam anakuletea mipaka kwa mita, katika UTM kanda ya 37 kusini. Bikoni zake zina namba ndefu: takriban 531,000 kuelekea mashariki na 9,248,000 kuelekea kaskazini. Mchoraji anaona namba hizo zinamsumbua, anakopi mipaka, anaipesti popote karibu na nyumba, anaizungusha kwa macho hadi ipendeze. Hapo kiwanja kimeng'olewa ardhini. Msingi utachimbwa kwa ramani hiyo, na ukuta ukiangukia hifadhi ya barabara, mwenye nyumba atapakiwa ukutani X nyekundu ya bomoa kwa kosa la kidole cha mtu asiyemjua.

Kwa hiyo mipaka haitui kwa kukisia. Fungua faili jipya la mita, INSUNITS 6. Katika mafaili yote mawili andika UCS kisha W, ili mihimili ielekee kule kule. Kopi kutoka faili la mpima, halafu pesti kwa PASTEORIG, amri inayorudisha kila kitu kwenye namba zake za asili. Usiyaingize mafaili ya mpima katika ramani ya milimita, kwani 9,248,000 itakuwa 9,248,000,000, na kwa namba za urefu huo mistari hutetemeka ukiisogelea na hachi hukataa kujaa. Nyumba ndiyo iifuate ardhi: ilete kwa XREF juu ya mipaka.

Mwisho andika ID, bofya bikoni moja, kisha nyingine iliyo mbali nayo. Linganisha namba zinazotokea na zile zilizochapwa kwenye ramani ya upimaji yenye mhuri. Zikipishana, hata kwa sentimita chache, ramani hiyo isikaribie plota.