Hesabu Isiyohesabiwa

Hisabati ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari hapa Tanzania huchaguliwa na watu wengi, na mara nyingine mwanafunzi mwenyewe huwa miongoni mwao. Kijana wa kidato cha nne hajamaliza kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo, wala matokeo yake hayajulikani, lakini baba mdogo ameshapitisha kwamba ukoo hauna mhandisi, kwa hiyo ni tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Shangazi naye anataka daktari wa kumpima presha bila foleni, kwa hiyo ni PCB, Biolojia ikikaa mahali pa Hisabati. Kila upande una hoja nzito, na hakuna upande uliofungua daftari la kijana. Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba Hisabati ya Juu, ile inayobebwa na herufi M, hukubaliwa kwa sababu ya sifa na hukataliwa kwa sababu ya woga. Nami nasema washauri hawa wawili, sifa na woga, hawajui hesabu.

Tuanze na woga, maana una wafuasi wengi na una sababu. Katika mtihani wa kidato cha nne, miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati wamekuwa kama robo tu ya watahiniwa, hivyo anayelikimbia somo hili hajakurupuka; ameziona mvua zinakuja. Kosa lake ni kudhani kuna pa kujikinga. Anachukua PCB, anashusha pumzi, anapanga sanduku lake la bweni, kisha akifika kidato cha tano anakabidhiwa BAM, hisabati wanayosomeshwa wanasayansi wasiochukua ile ya Juu. Mwenzake amejificha HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) akiamini Historia itamlinda, amesahau kwamba E ni Uchumi, na Uchumi hauendi safari bila BAM. Mjanja zaidi anakwenda HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ambako kweli BAM haifiki, mpaka siku mwalimu wa Jiografia anapoingia na takwimu, vipimo vya ramani na upimaji wa ardhi. Pengine aliyesalimika ni wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na huyo naye ana mizani za kuhesabu katika kila mshororo.

BAM yenyewe inaonewa sana. Daraja la kidato cha sita hupatikana kwa pointi za masomo matatu ya tahasusi, na BAM haimo. Mwanafunzi akishalijua hilo, kipindi cha BAM hugeuka kuwa muda wa kumalizia noti za Biolojia, na mwalimu hufundisha vichwa vilivyoinama. Miaka miwili baadaye huyo huyo anaomba chuo kikuu, na kozi kadhaa, hasa za biashara, zinamtaka asiye na Hisabati ya Juu aonyeshe walau S ya BAM, au ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne. Ule wa kidato cha nne ndio uliomkimbiza tangu mwanzo. Sasa amesimama kati ya somo alilolikimbia na somo alilolidharau, na muda wa maombi unakwisha.

Sifa nayo ina vituko vyake. Mwanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na wa PCM hufanya mtihani uleule wa Hisabati ya Juu, karatasi mbili zilezile, namba changamano zilezile. Lakini kwenye harusi wa PCM atatambulishwa kuwa ni injinia wetu mtarajiwa, na wa EGM ataombwa asaidie kupanga viti. Utajibiwa kwamba PCM huacha milango yote wazi. Kwa uhandisi ni kweli, M ina kazi yake pale na sina ubishi. Ila PCM haina B, na bila Biolojia udaktari wa binadamu umefungwa kwa kufuli, hata shangazi alie vipi. Tena milango hufunguliwa na ufaulu, siyo na jina la tahasusi. F ya Hisabati ya Juu ina pointi 7, mzigo mzito kuliko wote, na imo kwenye hesabu ya daraja, tofauti na BAM.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka kumi na sita au kumi na saba hajui anachotaka, acha wakubwa waamue. Hajui, nakubali. Lakini wakubwa wengi wanazijua tahasusi za enzi zao, na mwaka 2024 serikali ilizipandisha kutoka 16 hadi 65; baba mdogo anaamua kwa ramani ya mji uliokwisha kujengwa upya. Mimi ningeangalia jambo moja dogo: Jumamosi, mwalimu hayupo, swali limekataa mara ya kwanza, kijana anafanya nini? Anayeligeuza upande wa pili, akachana karatasi na kuanza tena huku akilinung'unikia, mpeni M yake hata kama alama zake siyo za kutangaza msikitini. Anayefunga daftari kwa furaha aende akatafute kinachomkera kwa utamu namna hiyo, na BAM yake aisome kwa adabu. Mtasema huo ni utafiti mdogo mno wa kumwamulia mtu maisha. Ni mdogo, lakini unaushinda ule wa kumtazama kijana, kuona ni mkimya na amevaa miwani, kisha kumtangaza mhandisi.