Jinsi ya Kununua Maji Mvua Ikinyesha

Mwongozo huu ni wa afisa ununuzi wa kaunti, mhasibu wake, na mtu yeyote wa Bute, kaskazini mwa Kenya, aliyewahi kupanga foleni ya madumu akisubiri boza la maji aliloambiwa liko njiani. Kanuni yake itachekesha, na anayetaka kucheka acheke, lakini nimeigeuza huku na huku nisione kosa: maji ya ukame hununuliwa mvua ikinyesha. Ukingoja mpaka silanga, bwawa la maji ya mvua, ipasuke nyufa ndipo utafute mwenye lori, unachonunua ni haraka yako mwenyewe, na bei ya haraka hupangwa na muuzaji.

Anza na kalenda. Itundike ukutani ofisini. Huku Wajir Kaskazini mwaka una majira ambayo mchunga mbuzi wa miaka minane anayajua: Gu ya Machi hadi Mei, kisha Hagaa, halafu Deyr ya Oktoba hadi Desemba, na baada yake Jilaal, kiangazi kikali kinachofungua mwaka. Sasa tafuta kwenye kalenda hiyo mahali palipoandikwa "ghafla". Hapapo. Jilaal huja kila mwaka, na Deyr ikikosa mvua, Jilaal hukaa zaidi. Mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana, zikakosekana tena na tena, hadi mwisho wa 2022 misimu ikatimia mitano mfululizo. Ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na kabla haujaisha Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Aliyeishi misimu minne ya namna hiyo hawezi kusema wa tano ulimvamia.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya ukame huku kwetu ni karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame. Hupima mvua, malisho, umbali wa kwenda majini, maziwa, bei ya mbuzi, hata unene wa mkono wa mtoto, kisha hutaja kaunti iko katika hali gani, kuanzia kawaida na tahadhari hadi dharura. Afisa anayepokea karatasi hiyo kila mwezi amebishiwa hodi mara nyingi.

Baada ya kalenda, sheria, na uisome mpaka nukta. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 103, inairuhusu ofisi ya serikali kumwendea muuzaji mmoja bila ushindani pakiwa na haja ya haraka. Wengi huishia hapo kusoma. Sentensi inaendelea: mradi hali iliyoleta haraka hiyo haikuweza kutabirika, wala haikuletwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Isome tena ukiwa umeketi chini ya ile kalenda. Taarifa ya tahadhari ikiwa mezani, hukosi utabiri. Na kama uliipokea miezi mitatu iliyopita ukaifungia kwenye droo, umenaswa na sharti la pili. Kuita Jilaal dharura ili umpe kazi mtu mmoja ni kuivunja sheria, hata kama boza linafika na maji ni matamu.

Sisemi dharura za kweli hazipo. Mafuriko yakibeba barabara usiku, au kipindupindu kikiingia manyatani, nunua leo hii. Kumtaka mtoto anayeharisha asubiri zabuni ifunguliwe ni ukatili, na sheria imelijua hilo: kwa haja ya haraka inakubali kibali kitolewe baada ya kazi kuanza. Mlango huo uwekwe wazi kwa ajili ya mtoto huyo. Kila anayeupitia kwa jambo alilolijua tangu mwaka jana anamzibia njia.

Sasa ununuzi wenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mpango wa ununuzi huandaliwa kabla yake. Maji ya maboza yawemo, kata kwa kata: Gurar, Bute, Korondile, Malkagufu, Batalu, Danaba, Godoma. Kisha fungua kifungu cha 114, ambacho nakipenda kuliko vyote katika sheria ile. Kinakuruhusu kuingia mkataba wa bei na wauzaji wasiopungua saba, kwa muda usiozidi miaka mitatu, na kuwaita kazini haja inapotokea. Waite washindane Aprili, silanga zikiwa zimejaa na maboza yameegeshwa kivulini. Mwenye lori asiye na kazi hutaja bei ya kiungwana. Lori lilelile Februari lina wateja kumi, na wote wana kiu. Kumbuka pia kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hiyo chama cha akina mama wanaojua kila kisima cha eneo lao kina haki ya kuwa mmoja wa hao saba.

Ukishanunua, hesabu. Hapa ndipo fedha nyingi huvuja, na dawa yake ni dumu. Boza la lita 10,000 hujaza madumu 500 ya lita 20. Kiwango cha chini kinachotumika katika misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Boza moja basi linawatosha watu 666 kwa siku moja, na ngamia bado hajaguswa, naye akiwa na kiu hunywa lita 100 kwa mara moja. Tuseme vocha inadai maboza 30 yalifika kijiji cha watu 600 kwa mwezi. Hizo ni lita 300,000, yaani zaidi ya lita 16 kwa kila mtu kila siku. Nenda kamuulize mama wa nyumba ya mwisho kijijini. Akikwambia alipata dumu moja kwa wiki, ukaguzi wako umeanza. Ndiyo maana hati ya kupokea maji isitiwe saini makao makuu. Itiwe pale boza linapomwaga, na kamati ya maji pamoja na mwalimu mkuu, ikiwa na tarehe, namba ya gari na kimo cha maji ndani ya tangi kilichopimwa kwa fimbo.

Mambo haya si ya jangwani tu. Mwaka 2020 KEMSA, mamlaka ya serikali ya ununuzi wa dawa na vifaa vya tiba, ilinunua vifaa vya Uviko kwa haraka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alipokagua ununuzi wa takriban shilingi bilioni 7.8 alikuta sheria zimekiukwa na mali ya bei ya juu imelala ghalani. Mwaka huohuo Ukraine iliruhusu vifaa vya Uviko vinunuliwe bila zabuni, lakini ikalazimisha taarifa ya kila mkataba iwekwe hadharani ndani ya siku moja.

Nawe usiye afisa, una kalamu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili nakala ya mkataba, bei ya kila lita, na hati zilizotiwa saini. Ofisi ina siku 21 za kujibu, lakini habari ikihusu uhai wa mtu ina saa 48. Ikikukatalia, kuna Tume ya Haki ya Utawala. Maji ya kunywa wakati wa Jilaal yanahusu uhai. Liseme hilo katika mstari wa kwanza wa barua. Karibu na tarehe, andika na saa uliyoifikisha.