Mgeni Rasmi ni Nyungunyungu

Itifaki imezingatiwa. Wenye miguu wakae, maana anayesifiwa leo hana hata mmoja. Hana macho, hana masikio, hana meno, wala hana mapafu; anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka ndiyo buriani. Kwa upande wa moyo Mungu hakumpunja: ana jozi tano za mishipa inayodunda kusukuma damu, wakati kuna watu wenye moyo mmoja kamili ambao hawajawahi kuutumia.

Mtu mkubwa duniani kumtambua alikuwa Charles Darwin. Alianza kuandika habari zake mwaka 1837, na kitabu kizima akakitoa 1881, miezi michache kabla ya kufa. Nyumbani kwake aliwafuga nyungunyungu kwenye vyungu vya udongo, wakapigiwa filimbi, wakapigiwa zumari nene, wakapigiwa na piano. Hawakushtuka hata kidogo. Vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti moja ikabonyezwa, wakazama shimoni mara moja. Yaani sauti hawaisikii, mtikisiko wanaujua. Nasi tunaopanga jirani na ukumbi wa singeli tunaelewa kabisa: kuna saa za usiku muziki hauingii masikioni tena, unapitia kwenye miguu ya kitanda.

Makazi yake hayahitaji ramani wala kibali. Ndoo mbili kuukuu za rangi, ya juu itobolewe chini na iingie ndani ya ile nyingine inayokinga maji, kitako cha maboksi yaliyochanwachanwa, yenye unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, kivuli, basi. Apatikane yule mwekundu mwembamba wa juujuu kwenye samadi, siyo yule wa kuchimba chini sana, ambaye ndoo kwake ni gereza. Na ndoo ikae juu ya stuli, kila mguu ndani ya kopo la maji, kwa sababu siafu wakimfikia huyu mheshimiwa, asubuhi unakuta ndoo tupu.

Chakula chake ni kile tunachomtupia mtu wa taka: maganda ya ndizi, majani ya chai, vikonyo vya mchicha, ganda la yai lililopondwa, ambalo humpunguzia tindikali kwenye ndoo. Ndimu, kitunguu, pilipili na mafuta hataki. Hii inamfanya kuwa mwanafamilia pekee anayekataa pilau bila kumuudhi mpishi.

Funua kifuniko mchana. Juu kuna ganda la ndizi limelainika hadi limekuwa jeusi, na mara mwanga unapoingia, kila kitu chini yake kinasogea: wanakimbilia gizani, wakishindana bila kelele. Baada ya wiki chache ganda halipo. Pamebaki punje nyeusi laini zisizonuka, mboji ambayo mchicha huipenda kuliko ahadi za bwana shamba. Ikianza kunuka, kosa ni la mwenye nyumba aliyerundika chakula kuliko wanavyoweza kula. Wenyewe hawalalamiki. Hawajaitisha kikao, na hata wangeitisha, hakuna posho ya kukaa inayoweza kumfaa mtu asiyeweza kukaa.

Wakati huohuo sisi tunayalipia maganda yetu nauli mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, kisha Jumamosi tunasimamisha gari kando ya barabara kununua mfuko wa mbolea ya maua. Hesabu hii nyungunyungu, ambaye ubongo wake hauzidi chembe, asingeikubali.

Ndoa yake nayo ni ya kuigwa. Kila mmoja ni mume na ni mke, wakikutana wote wawili hutaga vijifuko vya manjano, na hakuna anayeuliza mahari inakwenda ukoo upi. Kamati za harusi zimeshatuchosha kwa kadi za michango, kwa hiyo napendekeza mwaka huu kila mwalikwa alete kopo moja la hawa, lenye matundu kwenye kifuniko. Wanazaliana haraka kuliko riba ya kikoba. Mweka hazina ndiye ataamua kama makopo hayo ayaandike kuwa fedha taslimu au ahadi.