Ngeli za Swichi ya Breki

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukariri ngeli za nomino kwa jasho, wala haambiwi kwamba siku moja zitamfaa chini ya dashibodi. Mimi niligundua faida yake nikiwa nimelala chali, miguu nje ya mlango, tochi ya simu mdomoni. Gari langu dogo la mtumba kutoka Japani lilikuwa limelaza betri mara tatu ndani ya wiki moja, na jirani aliyekuwa akinibusti alikuwa ameanza kupokea salamu zangu kwa kuguna tu. Kwa manufaa ya taaluma, naweka uainishaji huu.

Ngeli ya A-WA ni ya mafundi, nayo ndiyo pana kuliko zote. Yuko fundi betri, ambaye kwake kila ugonjwa ni betri, na betri mpya, kwa bahati njema, ipo dukani kwa shemeji yake. Niliinunua. Ikalala siku ya tatu.

Yuko fundi mashine. Huyu alichomeka kifaa chake kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani, akasoma P0504, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika picha ya eksirei, akatamka: "Bosi, hii ni kontroboksi." Sasa P0504 inasema jambo dogo tu: taarifa mbili zitokazo kwenye swichi ya breki hazipatani, moja inadai pedeli imekanyagwa, nyingine inakana. Mashine iliripoti ugomvi, haikutoa hukumu. Aliyehukumu ni fundi, tena kwa bei ya kontroboksi.

Spishi ya tatu ni adimu: fundi anayeuliza maswali. Nitarudi kwake.

Ngeli ya U-ZI ni ya nyaya. Zilikatwa mbili, zikaungwa tena kwa utepe mweusi. Hazikuwa na kosa, naziomba radhi.

PA-KU-MU ndiyo ngeli inayowatenganisha wasomi na wababaishaji. Fundi betri alisema ubovu uko huko mbele, bila kuonyesha ni wapi. Fundi mashine alisema upo pale, akagonga boneti kwa kidole. Wa tatu, chini ya mwembe wake, aliniuliza kwanza: "Mzee, lever ya gia inatoka P bila kukanyaga breki?" Inatoka, nikamjibu, tena nilikuwa nimefurahi, nikadhani gari limeanza kunizoea. Akacheka. "Na usiku taa za nyuma umeziangalia?" Sijaziangalia, huwa naegesha nyuma ya gari ikitazama ukuta. Basi akasema ubovu umo humu, akaingiza kichwa mvunguni mwa usukani.

Akatoka na ushahidi wa ngeli ya KI-VI kiganjani: vipande vitatu vya plastiki ngumu, vimekauka kama biskuti, alivyoviokota juu ya kapeti. Kilikuwa kitufe kimoja, si kikubwa kuliko punje ya hindi, kinachokaa kwenye mkono wa pedeli. Pedeli ikitulia, kitufe hicho husukuma kidole cha swichi ndani, taa zikazimika. Ukikanyaga, kidole huchomoka, taa zikawaka. Kitufe kikizeeka huvunjika na kuacha tundu, na kidole cha swichi hutumbukia humo. Changu kilitumbukia nusu nusu, ndiyo maana zile taarifa mbili ziligombana. Tangu hapo gari liliamini nimekanyaga breki usiku kucha. Balbu mbili za wati 21 hula takriban ampea 3.5, mtu akilala saa 10, hizo ni ampea-saa 35, yaani karibu betri nzima ya gari dogo. Ukuta wangu ulikuwa ukimulikwa mwekundu kila usiku na mimi nakoroma.

Ngeli ya LI-YA, ambayo wanaisimu huihusisha na ukubwa, inabeba jibetri jipya na libili lake. Sitaki kuizungumzia.

Fundi hakugusa swichi. Alipachika bolti yenye kichwa bapa kwenye tundu, akakaza nati, taa zikazimika. Alidai shilingi elfu tano na soda baridi. Bolti ipo mpaka leo. Betri ya zamani, iliyoshitakiwa bure, naiuza kwa bei ya maelewano.