Bando Halina Hatia

Tovuti ikigoma kufunguka mkoani Singida, hukumu hutoka kabla ya ushahidi. Mshitakiwa wa kwanza ni bando. "Limekwisha hilo," husema mwenye simu, na kabla hajaangalia salio ameshajiunga na jingine. Bando jipya likishindwa kufungua ukurasa uleule, kesi huhamia kwa mnara. Mnara ukionekana umesimama palepale uliposimama jana, lawama hurushiwa upepo, maana Singida ina upepo wa kutosha kubeba lawama za kila aina. Upepo nao ukiachiwa huru, hutafutwa mtoto aliyeshika simu mara ya mwisho. Muda wote huo ujumbe wa WhatsApp unaingia bila tabu, picha za harusi ya Kiomboi zinashuka moja baada ya nyingine, na hakuna anayejiuliza bando lililokwisha limewezaje kuleta bibi harusi na wasimamizi wake wote. Ninachodai hapa ni kwamba, mara nyingi kuliko tunavyodhani, tovuti iliyokataa kufunguka haijakosa njia, imekosa anwani. Atakayejifunza kutenganisha mambo hayo mawili ataokoa fedha zake, muda wake na heshima ya mtoto.

Kompyuta hazifahamiani kwa majina, zinafahamiana kwa namba. Sisi tunaandika singida.go.tz kwa sababu ndilo tunaloweza kukumbuka, na kazi ya kuligeuza jina hilo kuwa namba hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, ambao mafundi huuita kwa herufi tatu tu, DNS. Kabla ya mfumo huo, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, chini ya ofisi ya Elizabeth Feinler. Aliyetaka kompyuta yake iingizwe kwenye orodha alipiga simu saa za kazi. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kugawana kazi hiyo, na Mtanzania hapati shida kuuelewa kwa sababu tumeuishi. Mgeni anayetafuta nyumba Ikungi habebi orodha ya wakazi wa nchi nzima. Anauliza wilayani, anatumwa kwenye kata, kata inamtuma kijijini, na mwisho anafikishwa kwa balozi wa nyumba kumi, anayejua hata jina la mbwa wa nyumba hiyo. Simu yako inapotaka tovuti hufanya vivyo hivyo: huiuliza seva ya kampuni ya simu, nayo huuliza seva za mizizi zenye majina 13, kuanzia A hadi M, ambazo huelekeza kwa wasimamizi wa .tz, nao huelekeza ngazi ya chini, mpaka namba ipatikane. Safari yote hiyo huisha kabla balozi hajamaliza kutafuta kiti cha mgeni. Kosa la DNS, basi, maana yake barabara ipo na bodaboda ana mafuta, ila balozi hakupatikana, au amesema nyumba hiyo haipo, au ametoa anwani ya zamani ya mtu aliyekwisha kuhamia Manyoni.

Anayeona haya ni mambo madogo aikumbuke jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Kama saa 12:40 kwa saa zetu, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kompyuta zenyewe zilikuwa zinawaka. Kilichotokea ni kwamba kazi ya matengenezo iliukata mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na njia za kuzifikia seva zake za DNS zikaondolewa, hivyo dunia nzima ikakosa wa kumuuliza Facebook anakaa wapi. Kampuni ya Cloudflare ilieleza kwamba seva za kutafuta majina zilipokea maswali mara 30 zaidi ya kawaida, kwa sababu programu zilizokosa jibu huuliza tena, na binadamu aliyekosa jibu hubonyeza tena. Yaani tabia ya kubonyeza-bonyeza si ya Singida peke yake. Tarehe 20 Oktoba 2025 zamu ikawa ya Amazon: katika vituo vyake vya Virginia, mitambo inayojiendesha yenyewe iliacha rekodi ya DNS ya hifadhidata moja ikiwa tupu, na huduma nyingi duniani zikayumba siku hiyo. Siku zote mbili, kununua bando jipya kulisaidia kampuni ya simu tu.

Mwenye shaka atasema, na ana haki ya kusema, kwamba mara nyingine njia yenyewe hukatika kweli. Hukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Singida iko kilomita zipatazo 700 kutoka Dar es Salaam na haina bahari ila maziwa yake ya Singidani na Kindai, lakini waya uliokatika baharini uliifikia. Mfano huu hauivunji hoja yangu, unaijenga, kwa sababu dalili zake zilikuwa tofauti. Siku ile tovuti za nje karibu zote zilikwenda kwa kusuasua, kwenye simu zote, mtaa mzima. Kosa la jina huchagua: tovuti hii inafunguka, ile inakataa, kwa jirani inafunguka, kwako inakataa. Tofauti hiyo huonekana bila mtaalamu, ilimradi mtu awe tayari kufungua tovuti ya pili na kuazima simu ya tatu kabla ya kutoa hukumu.

Tena simu yenyewe hukiri makosa yake, ila hatusomi maungamo. Ukurasa ukigoma, kivinjari huandika chini, kwa herufi ndogo za kijivu, sababu halisi. Neno NXDOMAIN kwenye maandishi hayo linamaanisha jina hilo halipo popote, na hapo methali yetu imeshatoa uamuzi: asiyekuwepo na lake halipo. Mara nyingi jina halipo kwa sababu sisi ndio tuliolibuni. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, atakuwepo mtu kwenye steshenari karibu na stendi ya Misuna anayegombana na tovuti ya Baraza la Mitihani huku ameandika "nekta", au ameacha nukta moja, au ameweka mbili kwa usalama. Pengine jina lilikuwepo na mwenye biashara akasahau kulilipia kwa mwaka mpya, na wateja wakaambiwa "mtandao unasumbua". Lakini ukikuta maneno TIMED OUT, elewa kuwa anwani imepatikana na mlango umegongwa, ila aliyemo ndani hajaitika, pengine kwa sababu wazazi wa nchi nzima wanagonga kwa wakati mmoja. Na ukikuta onyo kwamba cheti cha usalama kina kasoro ya tarehe, angalia kalenda ya simu yako kwanza. Simu iliyozimika chaji ikaamka ikidhani ni mwaka 2015 haitaaminiana na tovuti yoyote.

Pingamizi kubwa zaidi huletwa na wafuasi wa kuzima na kuwasha. Hawa hawataki maelezo. Wanasema dawa yao inaponya, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Kuweka simu kwenye hali ya ndegeni kisha kuiondoa huilazimisha ijiunge upya na mtandao na kupewa upya seva ya kuuliza majina. Kuwasha upya kompyuta ya steshenari hufuta majibu ya zamani iliyoyahifadhi, kazi ambayo amri ya ipconfig /flushdns huifanya bila kumkatisha mteja anayechapa barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo sipingani na dawa, napingana na dozi. Ikiwa jina limeandikwa vibaya, kuzima simu mara saba kutazaa simu iliyopumzika vizuri na jina lilelile bovu. Na ikiwa tovuti imehamishiwa seva nyingine, majibu ya zamani hubaki kwenye seva za kati mpaka muda wake uishe. Mwenye jina akiwa ameweka sekunde 86,400, hiyo ni siku nzima. Ndiyo maana fundi anayekwambia "subiri" pengine hakudanganyi, ingawa ni vizuri akuambie ni sekunde ngapi, maana neno hilohilo hutumiwa pia na fundi ambaye hajaanza kazi.

Kundi la pili la wapinzani linajua kidogo kuliko linavyodhani. Limesikia kwamba namba 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza kutumika mwaka 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare ya mwaka 2018, hutibu kila kitu, na sasa linaziandika kwenye kila simu inayopita mbele yake. Namba hizo ni msaada wa kweli pale seva ya kampuni ya simu inapolemewa, kwa sababu unaacha kumuuliza aliyelala na kumuuliza aliye macho. Lakini zina masharti. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha, ambako vijana wengi huweka seva ya kuzuia matangazo kwa ushauri wa video fulani, kisha wakasahau. Seva hiyo ikifa, simu nzima hukosa tovuti huku alama za mnara zikiwa zimejaa, na mwenye simu hurudi kwenye kulaumu upepo. Baadhi ya Wi-Fi za gesti nazo hukataa seva nyingine yoyote mpaka mgeni aingize nywila. Na pale tovuti inapozuiwa kwa makusudi, kama ulivyozuiwa mtandao wa X nchini Mei 2025, tatizo halimo kwenye simu ya mtu wa Mkalama, hata akiichokonoa mpaka alfajiri.

Yupo atakayesema kwamba mkulima wa alizeti hana haja ya kujua haya yote, kwani analipia huduma ili ashughulikiwe. Nakubali kuhusu kulipa. Kuhusu kushughulikiwa, tuulizane. Siku hizi leseni ya biashara inaombwa kwenye mfumo wa Tausi, mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, ajira serikalini vilevile. Anayeshindwa kufungua ukurasa siku ya mwisho ya maombi hapati nafuu kwa kuwa kosa lilikuwa la mtu mwingine. Tena malalamiko yana madaraja. Ukipiga simu huduma kwa wateja ukasema "mtandao wenu mbovu", utaambiwa uzime simu na kuiwasha, kisha utashukuriwa kwa kupiga. Ukisema kwamba jina la tovuti halipatikani kwenye simu mbili zenye laini za kampuni yao, linapatikana kwenye laini ya kampuni nyingine, na limeandikwa sawasawa, mhudumu atanyamaza kidogo, kwa sababu itambidi aanze kutafuta jibu la pili.