Mikasa ya Darubini Uani

Upigaji picha za anga wa ridhaa, yaani ule unaofanywa na mtu asiyelipwa kwa kazi hiyo na ambaye mara nyingi ndiye anayeigharamia, hutawaliwa na jambo moja linalotangulia mengine yote, nalo ni kwamba dunia haitulii. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, na mzunguko mmoja mbele ya nyota hukamilika kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, hivyo kila nyota huonekana ikihama kuelekea magharibi hata pale mwenye darubini anapokuwa bado anapapasa majani akitafuta kifuniko cha lenzi. Mwendo huo hautambuliki kwa macho matupu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika dukani. Akitumia darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000, yaani umbali ambao mwanga husafiri kutoka kwenye lenzi au kioo hadi pale taswira inapokusanyika, pamoja na kamera ambayo pikseli zake zina upana wa maikromita 4, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huvuka takribani pikseli 18 katika sekunde moja. Picha ya nusu dakika, basi, haitoi nyota bali michirizi, na jamaa wanaooneshwa kazi hiyo asubuhi huisifu kwa adabu wakiamini ni picha ya mvua.

Tiba ya mwendo huo ilipatikana zamani, nayo ni stendi ya kiikweta, ambayo mhimili wake mmoja hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, kisha mota huuzungusha kinyume kwa kasi ileile ili darubini ibaki ikiitazama nyota moja. Daktari Mmarekani Henry Draper alitumia mtambo wa namna hiyo mwaka 1880 alipopiga picha ya kwanza ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, na nebula aliyoichagua ni ile ya kundi la Jabari, ambalo wengi hulijua kwa jina la Orion. Miaka 3 baadaye Mwingereza Andrew Ainslie Common, akiwa katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, aliipiga nebula hiyohiyo kwa ubora uliomletea medali ya dhahabu ya Chama cha Kifalme cha Falaki. La kutia moyo ni kwamba Common alikuwa mhandisi wa mambo ya usafi wa miji wala hakuajiriwa kutazama nyota; la kuvunja moyo ni kwamba kioo cha darubini yake kilikuwa na upana wa inchi 36, na chombo cha ukubwa huo hakipandi bajaji.

Ugumu mahususi wa Afrika Mashariki huanzia kwenye kijitabu cha maelekezo. Stendi nyingi hubuniwa zikimlenga mtu anayeishi mbali na ikweta, na kijitabu chake humwamuru mnunuzi auelekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini, iliyo chini ya nyuzi 1 kutoka ncha ya anga, ambayo ni ile sehemu ya anga isiyozunguka. Sasa, kimo cha ncha ya anga juu ya upeo wa macho hulingana na latitudo ya mahali, hivyo mkazi wa London huiona ikiwa juu kwa zaidi ya nyuzi 51, ilhali mkazi wa Dar es Salaam, aliye nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, ana ncha ya kusini tu, na ncha hiyo iko chini mno, aghalabu nyuma ya tangi la maji la jirani. Nyota iliyopewa kazi ya kuionesha, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba katika anga la mjini haionekani kabisa kwa macho. Stendi nyingi nazo hugoma kuinamishwa hadi nyuzi 6.8, na hata ile inayokubali huwa na uzani wa kusawazisha unaoshuka na kugonga mguu wa stendi, na mlio wa chuma kugonga chuma saa nane za usiku huamsha mbwa wa mtaa mzima.

Wenye uzoefu huinua mguu mmoja kwa tofali, au huongeza nguzo fupi kati ya miguu na kichwa cha stendi ili uzani upate nafasi ya kupita. Kuhusu kuitafuta ncha isiyoonekana, wapo wanaotegemea dira ya simu, ambayo huvutwa na chuma cha stendi yenyewe na kutoa majibu kwa ujasiri usio na msingi. Njia ya kuaminika ni ile ya kuuchunguza mserereko. Mpiga picha huchagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga wakati inapokatiza mstari unaotoka kaskazini hadi kusini kupitia utosini, na ikiserereka kuelekea kaskazini au kusini hujua kwamba mhimili umekosea upande. Kisha huchagua nyingine iliyo chini mashariki au magharibi, ambayo mserereko wake humwambia kwamba mhimili umekosea kimo. Kazi hii hurudiwa mara nyingi, na mbu huihudhuria kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapa inafaa kutaja hatari ambayo vijitabu vya ng'ambo haviigusi. Mtu anayesimama uani usiku wa manane, akiwa amejifunga taa nyekundu kichwani kwa sababu nyekundu haiyaharibii macho mazoea ya giza, huku akinong'ona tarakimu na kukizunguka chombo kilichofunikwa shuka, hawezi kutarajia majirani wamdhanie mwanasayansi. Katika mitaa mingi mtu wa namna hiyo huitwa mwanga, na sungusungu hawana desturi ya kuuliza urefu wa fokasi. Busara ni kumwalika mjumbe wa nyumba kumi mapema, saa mbili usiku, pamoja na wazee na watoto, waitazame pete ya Zohali. Faida yake ni zaidi ya usalama, kwa kuwa jirani aliyeiona pete hiyo kwa macho yake huwa mwepesi wa kuizima taa yake ya ulinzi, ambayo hakuna programu inayoweza kuiondoa yote pichani.

Mwambao una adui mwingine, nao ni umande. Lenzi iliyoelekezwa angani hupoteza joto hadi ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na katika unyevu wa pwani matone ya maji huanza kutanda juu yake bila kumjulisha mtu, hivyo nyota hunenepa polepole hadi mpiga picha anapoanza kuitilia shaka fokasi yake. Huilekebisha fokasi iliyokuwa sahihi, akaiharibu, kisha ndipo anapoigusa lenzi na kukuta imelowa. Wengi hukimbilia draya ya saluni, wakaichomeka kwenye ekstensheni ileile inayolisha mota ya stendi. Umeme hukatika, stendi husahau iko wapi, na ile kazi ya mserereko huanza upya. Ukanda wa kupashia joto unaotumia betri ya volti 12, ukifungwa karibu na lenzi tangu mwanzo wa usiku, hulimaliza tatizo kwa amani. Fokasi yenyewe haina haja ya kubahatishwa, kwani barakoa iliyobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005, ambayo mtu anaweza kuikata kwa wembe kwenye karatasi ya manila, huifanya nyota angavu itoe mistari mitatu, na ule wa kati ukikaa katikati kabisa fokasi imetimia.

Baada ya hayo ndipo kompyuta inapopewa nafasi. Picha moja ya anga imejaa chengachenga, yaani vidoa vya nasibu vinavyotokana na uchache wa mwanga na joto la kamera, na dawa yake ni kurundika picha nyingi za eneo lilelile na kuzitafutia wastani. Chengachenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, hivyo picha 4 huzipunguza hadi nusu na picha 100 hadi sehemu moja ya kumi, hesabu inayoeleza kwa nini waraibu wa shughuli hii husinzia kazini. Picha hizo zihifadhiwe katika faili ghafi, ambalo katika kamera nyingi hubeba viwango 16,384 vya mwanga, badala ya JPEG yenye viwango 256 tu. Ziongezwe picha za giza, zinazopigwa kifuniko kikiwa kimefungwa ili kuonesha kasoro za kihisi, na picha bapa, zinazopigwa alfajiri kwa kuvalisha mdomo wa darubini fulana nyeupe ili kuonesha vumbi na giza la pembeni. Siril, programu ya bure, hufanya kazi hii yote, ikiwa ni pamoja na kuzitupa njia za setilaiti, lakini haiwezi kueleza fulana imekwenda wapi.

Jaribu la mwisho ni kukuza mwanga hafifu. Mtu aliyekesha huona ana haki ya kuona rangi, akausukuma mtelezo wa kompyuta hadi mwisho, na nebula iliyokuwa na haya ya waridi ikawa kama kitenge kilichochuja rangi kwenye beseni. Programu ya kuongoza stendi iitwayo PHD2, ambayo jina lake asilia ni kifupisho cha maneno yanayomwambia mtumiaji abonyeze hapo, mbumbumbu yeye, ina unyoofu ambao programu za rangi zingepaswa kuuiga.

Anga la Dar es Salaam, hata hivyo, lina upendeleo wake. Nebula ya Jabari hupita chini ya nyuzi 2 kutoka utosini, ambako hewa inayoizuia ni nyembamba kuliko popote, wakati Common huko Ealing ilimlazimu kuitazama kwa mlalo, ikiwa nyuzi 33 tu juu ya upeo. Katika jioni za Januari na Februari hakuna sababu ya msingi ya kuikosa, isipokuwa mawingu na stendi dhaifu. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, basi, aiache darubini kubwa dukani, anunue stendi nzito na kuipandishia lenzi ndogo aliyo nayo. Na mwenye uwanja wake amwite fundi amjengee nguzo ya zege, ambayo mhimili ukishapangwa juu yake hauhitaji kupangwa tena kila usiku. Mpangaji aombe ruhusa kwanza, kwa maandishi, na aeleze wazi kwamba si kaburi.